Kama Eastleigh Ingejaa Helikopta: Vita vya Mau Mau Vingeishaje?

Kambi ya jeshi la anga ya Moi, Eastleigh, leo imebanwa na watu kila upande. Maghorofa ya Section Three yamesogea hadi karibu na ua wake, Mathare iko kaskazini, Buruburu kusini, na si mbali na hapo upo mtaa uliopewa jina la Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Miaka sabini iliyopita uwanja huohuo ulikuwa wa jeshi la anga la Uingereza, na ndege zilizopaa hapo zilikuwa zikimsaka Kimathi huyohuyo. Lincoln, ndege kubwa za mabomu zenye injini nne, ziliruka kutoka Eastleigh kuanzia Novemba 1953 hadi Julai 1955 kwenda kupiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mitaa ya Waafrika ya Pumwani, Bahati na Shauri Moyo ilikuwa kilomita chache tu kutoka zilipoegeshwa.

Chombo kimoja kilikosekana. Ukiondoa helikopta ya aina ya Sycamore iliyoletwa kwa kazi ya kubeba majeruhi, vita vya Kenya vilipiganwa bila helikopta. Wakati huohuo kule Malaya, Waingereza walewale walikuwa wakishusha askari katikati ya msitu kwa helikopta. Ndiyo maana swali hujirudia kila wapenzi wa historia ya vita wanapokutana: ingekuwaje kama kikosi kizima cha helikopta kingeletwa Eastleigh mwaka 1953? Kimathi angedumu msituni hadi Oktoba 1956? Uhuru ungechelewa?

Jibu langu ni kwamba helikopta zingepunguza miezi ya vita na kuongeza makaburi, lakini hazingebadilisha mshindi wala sababu ya vita. Vita vile viliamuliwa hapahapa Eastlands, kwa malori na seng'enge. Na suala la ardhi lililovizaa halikuwa la kumalizwa kutoka angani.

Kabla ya kuingia ndani, tukumbushane kanuni. Anayeandika historia ya "ingekuwaje" huruhusiwa kubadilisha jambo moja, tena liwe jambo lililowezekana kweli wakati ule. Mengine yote huyaacha yafuate mkondo wake. Anayeipa Uingereza ya 1953 helikopta za Vietnam za 1967 hachambui, anatunga hekaya.

Mashine iliyochelewa vita vyake

Helikopta ilizaliwa vita vikiwa mlangoni. Fa 61 ya Ujerumani iliruka mwaka 1936. Igor Sikorsky, Mrusi aliyehamia Marekani, aliinua VS-300 yake kutoka ardhini Septemba 1939, mwezi uleule Hitler alipoivamia Poland. Wajerumani ndio waliokuwa mbele. Anton Flettner alikuwa na helikopta ndogo iliyoitwa Kolibri, na mwaka 1944 kampuni ya BMW iliagizwa kuunda 1,000. Mabomu ya Marekani na Uingereza yaliviwahi viwanda. Zilizokamilika ni kama 24 tu.

Waandishi wengi wa historia mbadala huanzia hapo: viwanda vingenusurika, Kolibri 1,000 zingeruka, na vita vya Ulaya vingegeuka. Hoja hiyo haina miguu. Kolibri ilibeba rubani na mtazamaji mmoja. Ujerumani ya 1944 haikuwa na mafuta ya kurushia hata ndege ilizokuwa nazo, na anga lake lilikuwa limekwisha kutekwa. Mashine 1,000 zisizo na mafuta ni vyuma vya kuegeshwa.

Faida halisi ingekuwa nyingine. Marubani na mafundi wangepata uzoefu wa vita miaka mitano kabla, na huenda tatizo kuu la helikopta za awali lingetatuliwa mapema. Tatizo hilo lilikuwa injini. Karibu helikopta zote za miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 zilitumia injini za pistoni, nzito kwa nguvu zinazotoa, na zinazopungukiwa na nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyembamba. Dawa yake ilikuwa injini ya tabo, nyepesi na yenye nguvu, na helikopta ya kwanza ya tabo kuundwa kwa wingi ilikuwa Alouette II ya Ufaransa. Hiyo iliruka mara ya kwanza Machi 1955, na Juni mwaka huohuo ikaweka rekodi ya dunia kwa kupanda zaidi ya mita 8,200. Tuziweke tarehe hizo kando, tutazihitaji tukifika Nyandarua.

Burma ya msituni na Burma ya Jogoo Road

Kabla ya Kenya, helikopta na Mwafrika wa Mashariki nusura wakutane Burma. Mwishoni mwa Aprili 1944, luteni wa Kimarekani aitwaye Carter Harman aliingia nyuma ya safu za Wajapani kwa helikopta ya Sikorsky, akawatoa rubani aliyeanguka na askari watatu wa Kiingereza waliokuwa wagonjwa na majeruhi. Mashine iliweza kubeba abiria mmoja tu kwa safari, kwa hiyo aliwatoa mmoja mmoja kwa siku mbili. Ndio uokoaji wa kwanza wa helikopta vitani unaojulikana.

Miezi michache baadaye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa King's African Rifles (KAR) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilianza kushuka bonde la Kabaw katikati ya masika. Barabara ziligeuka tope, malaria na magonjwa mengine yaliangusha watu kuliko risasi, na chakula kiliangushwa kwa ndege. Desemba 1944 walikuwa Kalewa, kwenye mto Chindwin. Majeruhi wao walibebwa kwa machela, kwa magari yaliyokwama kila mara, na kwa ndege ndogo pale palipopatikana nafasi ya kutua.

Ingekuwaje kama divisheni ile ingekuwa na helikopta 30? Hapa nakubali kwamba tofauti ingeonekana. Bonde la Kabaw si la juu sana, na hata mashine dhaifu ya pistoni ingeweza kumwinua mgonjwa mmoja na kumfikisha hospitali siku hiyohiyo. Baadhi ya waliozikwa kule wangerudi. Vita vyenyewe visingebadilika, maana Japani ilikuwa inarudi nyuma tayari, lakini familia kadhaa za Ukambani, Nyanza na Nyeri zingeyaona matunda ya mabadiliko hayo.

Waliorudi walirudi na mambo mawili: malipo madogo ya kuachishwa jeshi na ujuzi mkubwa wa msitu. Nairobi iliwapokea kwa nyumba chache na kipande kilekile, yaani kitambulisho cha kikoloni. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa miaka hiyo ya 1940, na soko lililo jirani, kando ya Jogoo Road ya leo, likaitwa Burma, jina linalojulikana hadi sasa na kila mpenda nyama wa Eastlands. Miongoni mwa waliorudi alikuwemo Waruhiu Itote, ambaye baadaye aliingia msitu wa Mlima Kenya na kujulikana kama Jenerali China. Mwingereza alikuwa amemfundisha mwenyewe adui yake jinsi ya kuishi chini ya miti huku ndege zikipita juu.

Malaya ilipewa, Kenya ikanyimwa

Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952. Mapema mwaka 1953 kikosi namba 848 cha jeshi la majini la Uingereza kilifika Malaya na helikopta kumi za aina ya S-55. Kwa nini kumi zile zilikwenda Malaya badala ya Eastleigh?

Sababu ya kwanza ni siasa za dunia. S-55 zile zilitoka Marekani chini ya mpango wa msaada wa kijeshi kwa nchi rafiki. Malaya palikuwa na wapiganaji wa Kikomunisti, na Washington ilielewa lugha hiyo upesi, hasa vita vya Korea vikiwa bado vinaendelea. Mau Mau walidai ardhi na uhuru. Serikali ya kikoloni ilijitahidi kuwachora kama wagonjwa wa akili na washirikina, lakini haikuweza kuwafanya Wakomunisti. Kuiomba Marekani helikopta za kuwasaka wakulima waliopokonywa mashamba lingekuwa ombi gumu.

Sababu ya pili ni gharama. Kenya ilipewa vya bei nafuu. Harvard, ndege za kufundishia marubani, zililetwa kutoka Rhodesia ya Kusini mwaka 1953, zikafungwa bunduki moja ya rashasha na mabomu madogo manane ya kilo tisa kila moja. Zilitumia viwanja vya Thika na Mweiga. Idara ya ndege ya polisi nayo ilikuwa na ndege zake ndogo. Baadaye ndipo zikaja Lincoln, masalio ya mtindo wa vita vya Ujerumani, zilizokuwa zikingoja kustaafishwa.

Kwa hiyo ili hadithi yetu mbadala isimame, lazima tukubali London iamue, mwaka 1953, kugawa kikosi cha Malaya nusu kwa nusu au kuagiza kingine kwa ajili ya Kenya. Linawezekana. Basi tuzilete helikopta kumi Eastleigh na tuone zitafanya nini.

Hewa nyembamba ya Nyandarua

Jambo la kwanza ambalo rubani angegundua ni kwamba Eastleigh yenyewe iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kule Malaya, kwa joto la pwani, S-55 iliyotengenezwa kubeba askari kumi mara nyingi ilibeba watano wenye silaha na mizigo yao. Sasa mpandishe rubani huyo Nyandarua. Ukanda wa mianzi huanza kama mita 2,400. Juu yake, kuanzia mita 3,000, ni nyika ya baridi yenye nyasi ndefu na ukungu. Kilele cha Mlima Kenya kiko mita 5,199.

Kwenye mita 3,000 uzito wa hewa ni karibu robo tatu tu ya ule wa pwani. Panga za helikopta hupata kidogo cha kushika, na injini ya pistoni nayo hupata kidogo cha kupumua, hasara mbili kwa mpigo mmoja. Kuruka mbele bado kunawezekana, maana mwendo husaidia. Kinachoshindikana ni kusimama hewani juu ya miti, nayo ndiyo kazi yenyewe iliyotafutiwa helikopta. Mashine iliyobeba watano Malaya huenda ingebeba wawili Nyandarua, na siku ya jua kali ingebeba mmoja, ama isingethubutu.

Tupige hesabu. Kati ya helikopta kumi za wakati ule, sita zikiwa nzima asubuhi moja ni bahati. Sita mara wawili ni askari 12. Kushusha kikosi cha watu 60 ukingoni mwa nyika kungehitaji safari tano za kila mashine, na saa kadhaa za kelele zinazosikika bonde hadi bonde. Wapiganaji waliokuwa wamejifunza kutulia ndege wa msituni wakiruka ghafla, na kuzima moto kabla moshi haujapenya mianzi, wangekuwa wamekwisha kuondoka kabla ya safari ya pili.

Mlima wenyewe umetoa ushahidi wa karibu. Agosti 2012 Uganda ilituma helikopta nne za kijeshi kutoka Entebbe kwenda Somalia kupitia Kenya. Tatu, aina ya Mi-24 zenye injini za tabo zenye nguvu mara nyingi kuliko zile za 1953, zilianguka kwenye Mlima Kenya, na wanajeshi saba wakafa. Moja tu, Mi-17, ilifika Garissa. Ikiwa ukungu na vilele vile vilizishinda mashine za karne hii, zile za pistoni zingepata nini?

Sasa zirudishe zile tarehe tulizoziweka kando. Helikopta iliyofaa Nyandarua ni Alouette II, na hiyo iliruka mara ya kwanza Machi 1955. Wakati huo Jenerali China alikuwa kizuizini tangu Januari 1954, Nairobi ilikuwa imekwisha kusafishwa, na jeshi lilikuwa limefanya operesheni ya Hammer na kuanza ya First Flute ndani ya misitu. Ili helikopta ibadilishe kitu Kenya, haitoshi kuleta nyingi zaidi. Lazima helikopta ya tabo iundwe miaka mitano kabla. Hapo ndipo hadithi mbadala ya kweli inapoanzia, na hapo ndipo wengi hawafiki.

Anga lisiloona

Tuseme basi tumepewa hata hilo. Alouette ziko Eastleigh mwaka 1953. Rubani anaweza kushusha askari popote. Je, anajua pa kuwashusha?

Tatizo kubwa la ndege katika vita vya Mau Mau halikuwa nguvu, lilikuwa habari. Lincoln ziliangusha mabomu ya kilo 225 na 450 juu ya miti kwa sababu hakuna aliyejua hasa kambi iko wapi. Mabomu yaliua wapiganaji, yakaua tembo na nyati, yakawafanya wengine wajeruhiwe na faru waliokasirishwa. Julai 1955 Lincoln zilirudishwa kwao, na kazi ikaachiwa watu wa miguu.

Aliyekamata msitu hatimaye alikuwa mpiganaji wa zamani. Maofisa wa kikoloni Ian Henderson na Frank Kitson waliwageuza waliokamatwa, wakawavalisha ngozi zilezile za msituni, wakawarudisha msituni kuwatafuta wenzao. Waliogeuzwa hao walijua njia za maji, alama za miti, na nani humwamini nani. Hata Kimathi hakushikwa na chombo chochote cha kisasa. Alfajiri ya 21 Oktoba 1956, karibu na Nyeri, polisi wa kikabila Ndirangu Mau alimwona akitoka upande wa mashamba akirudi msituni, akampiga risasi ya mguu. Alinyongwa Kamiti 18 Februari 1957.

Helikopta ingesaidia hapo kwa kiasi. Wasakaji wangefikishwa mahali kwa dakika badala ya kutembea siku mbili, na kundi lililoonekana lingezibiwa njia. Naamini Kimathi na kiongozi mwenzake Stanley Mathenge wangebanwa mapema zaidi, labda mwaka mmoja. Lakini askari 12 walioshuka wasio na mwenyeji wa kuwaongoza ni wageni 12 waliopotea.

Jumamosi ya malori

Vita viliamuliwa kwingine. Alfajiri ya Jumamosi, 24 Aprili 1954, Jenerali George Erskine aliifunga Nairobi. Askari na polisi wapatao 20,000 walizingira jiji, na Eastlands ikakatwa mtaa mmoja baada ya mwingine. Operesheni hiyo iliitwa Anvil.

Utaratibu wake ulikuwa wa kawaida mno. Lori linasimama mwanzo wa mtaa, jingine mwisho wake. Milango inagongwa. Watu wanatolewa nje na vitambulisho mkononi, wanapangwa foleni, wanatenganishwa kwa makabila. Mjaluo, Mluhya au Mkamba mara nyingi aliachiliwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Gakunia hakusema neno. Akitikisa kichwa namna hii, unapita. Akitikisa namna ile, unapanda lori. Mizigo ilibaki chumbani, na si kila mtu aliyeikuta tena. Kutoka hapo ilikuwa kambi ya Langata, kisha safari ya Manyani na Mackinnon Road. Ndani ya wiki chache zaidi ya watu 20,000 walikuwa vizuizini, na maelfu ya wanawake na watoto wakarudishwa vijijini. Bahati ilizungushiwa seng'enge.

Kwa nini Eastlands? Kwa sababu msitu ulikula kutoka hapa. Risasi zilizoibwa kambini, dawa za hospitali, viatu, makoti, fedha za michango na vijana wapya vilipitia vyumba vya Pumwani, Bahati na Kariokor, vikapanda teksi na mabasi kwenda Kiambu, kisha usiku vikaingia Nyandarua. Mitaa hii ilikuwa na siasa zake kali pia. Diwani Tom Mbotela aliuawa Novemba 1952 na diwani Ambrose Ofafa mwaka 1953, na mitaa ya Eastlands hubeba majina yao. Anvil ilipokata mkono huo wa Nairobi, msitu ulianza kufa njaa. Mwezi Juni serikali ikaamua kuwahamishia Wakikuyu katika vijiji vya lazima. Zaidi ya watu milioni moja waliingizwa katika vijiji zaidi ya 800, vyenye mahandaki na saa za kutotoka nje. Hapo njia ya pili ya chakula nayo ikazibwa.

Ongeza helikopta kwenye Jumamosi ile, nini kinabadilika? Afisa mmoja angeona juu ya mapaa vijana wakikimbilia mto Nairobi au Mathare. Wachache waliopenya wangenaswa. Lakini helikopta haiwezi kugonga mlango. Haiwezi kusoma kipande, wala kumtambua aliyekula kiapo cha Mau Mau miongoni mwa majirani kumi wanaolala chumba kimoja. Kazi ya Anvil ilifanywa na lori, orodha na msaliti, na vitu hivyo vitatu Erskine alikuwa navyo vya kutosha.

Waliopata walichotaka

Kuna njia nyingine ya kupima hoja hii: tuwatazame wakoloni waliopata helikopta kwa wingi. Ufaransa ilipigana Algeria kuanzia 1954, ikajaza anga mamia ya helikopta, zikiwemo Alouette zilezile. Ilifunga helikopta silaha, ikashusha makomando juu ya vilima, ikavunja vikosi vingi vya FLN, chama cha wapigania uhuru. Kijeshi ilishinda mapigano. Mwaka 1962 iliondoka Algeria.

Karibu nasi zaidi ni Rhodesia. Kuanzia 1974 jeshi la Ian Smith lilijenga mbinu yake yote juu ya Alouette III: wapelelezi wakiona wapiganaji, helikopta hufika kwa dakika chache, moja ikipiga kutoka juu, nyingine zikishusha askari wannewanne kuwazingira. Ni mbinu iliyoua watu wengi sana kwa askari wachache. Mwaka 1980 nchi ikaitwa Zimbabwe. Ureno nayo ilizirusha Alouette III Angola na Msumbiji hadi utawala wake ukaanguka Lisbon mwaka 1974. Marekani ilirusha helikopta kama 12,000 Vietnam, ikapoteza karibu 5,000, na mwaka 1975 mabaki ya watu wake wakaondoka Saigon kwa helikopta.

Orodha hii inasema jambo moja. Helikopta humfanya mwenye nguvu ashinde mapambano ya leo, na kwa hivyo humpa kisingizio cha kutotatua tatizo la jana. Kenya ilikwenda njia nyingine kwa sababu gharama ilikuwa kubwa na aibu ikaongezeka. Baada ya wafungwa 11 kuuawa kwa kipigo pale Hola, Machi 1959, bunge la London halikuweza kuendelea kufumba macho. Hali ya Hatari ilikwisha Januari 1960, na mazungumzo ya katiba yakaanza mwezi uleule. Vita vya bei nafuu, vilivyomalizwa haraka kwa helikopta, huenda vingewapa walowezi miaka zaidi ya kiburi. Hilo ndilo badiliko pekee la siasa ninaloliona kuwa linawezekana, nalo ni baya.

Nani angepanda?

Wanaoitetea helikopta hukumbusha Korea, ambako majeruhi wapatao 20,000 walibebwa kwa helikopta. Ni sifa ya haki. Ila katika Kenya ya 1953 lazima tuulize nani angepanda. Kwa takwimu za serikali ya kikoloni yenyewe, Mau Mau waliouawa walizidi 11,000, na walionyongwa walizidi 1,000. Walowezi Wazungu waliouawa walikuwa 32. Machela za helikopta ya Eastleigh zingemngoja ofisa aliyejeruhiwa. Zisingeshuka katika kijiji cha Murang'a kumchukua mama aliyepigwa risasi akitafuta kuni ukanda uliopigwa marufuku.

Jambo la kutafakari ni kwamba uokoaji wa anga uliomfikia Mkenya wa kawaida haukutoka jeshini wala haukuhitaji helikopta. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao iliyokuja kuwa AMREF. Walitumia ndege ndogo za kawaida na viwanja vya nyasi. Kilichowaokoa wagonjwa kilikuwa uamuzi wa nani anastahili kuokolewa, na uamuzi huo hautoki kiwandani.

Fundisho la 1982

Uwanja wa Eastleigh ulitoa ushahidi wa mwisho karibu miaka ishirini baada ya Mwingereza kuondoka. Alfajiri ya 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, waliiteka redio ya taifa na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Walikuwa na kambi, ndege na mabomu. Jeshi la nchi kavu chini ya Jenerali Mahmoud Mohamed liliingia mjini kwa miguu na magari, likaitwaa redio siku hiyohiyo. Ochuka alitoroka kwa ndege ya mizigo hadi Tanzania. Mitaa ya Eastlands ilihesabu maiti na maduka yaliyovunjwa. Kwa mara ya pili katika miaka thelathini, Nairobi ilitekwa na aliyeweza kusimama mlangoni.

Hukumu

Kwa hiyo swali letu lina majibu manne mafupi. Helikopta za Kijerumani za 1944 zisingeokoa Ujerumani. Helikopta za Burma zingeokoa maisha ya baadhi ya askari wetu bila kugusa matokeo ya vita. Helikopta za pistoni za 1953 zingeshindwa na hewa ya Nyandarua. Na helikopta za tabo, kama zingewahi, zingewaua wapiganaji wengi zaidi kwa muda mfupi zaidi, kisha zingeacha mashamba mikononi mwa walewale.

Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, jumla ya pauni milioni 19.9. Malalamiko yao hayakuhusu ndege. Yalihusu kambi, chuma cha moto, koleo na kiboko. Anayetaka kuelewa vita vile na aache kutazama juu. Aende Bahati, Kaloleni na Shauri Moyo akawaulize wazee waliobaki juu ya Jumamosi ya Aprili 1954, na afanye hivyo mapema: Pangani ya zamani imekwisha kubomolewa kupisha maghorofa, na mitaa mingine ya enzi hiyo iko kwenye foleni.